"Tumekuta Kitu Kingine": Uvimbe wa Ovari Unapojitokeza Katikati ya Operesheni

Daktari alitoka thieta akiwa bado na kofia ya kitambaa kichwani, akapepesa macho kwenye benchi. "Baba mtoto ni nani? Mama salama, mtoto salama. Wa kike." Kaka yangu akaanza kucheka. Daktari hakucheka naye. "Ila kabla ya kufunga tumbo, tumekuta kitu kingine."

Ilikuwa hospitali moja upande wa Sengerema. Shemeji aliingizwa kwa operesheni ya kujifungua kwa sababu mtoto alilala vibaya. Kliniki alihudhuria, kadi yake imejaa mihuri, na hakuna aliyewahi kumtajia uvimbe. Sasa tunaambiwa ovari ya kulia ilikuwa na uvimbe wa kulingana na embe dodo, kwamba umeshatolewa, na kwamba mmoja wetu atalazimika kuupeleka Mwanza mjini ukapimwe. Ndoo ndogo nyeupe, kifuniko kimezungushiwa plasta, jina limeandikwa kwa kalamu ya wino mzito. Nikaibeba mimi.

Tangu siku ile nimewauliza madaktari na wauguzi maswali mengi kuliko adabu inavyoruhusu. Nimegundua kwamba familia nyingi hukutana na habari hii hivi hivi, zikiwa benchini, zimekuja kwa jambo jingine: kidole tumbo, mimba iliyotunga nje ya kizazi, ngiri, uvimbe wa kizazi. Maneno "tumekuta kitu kingine" huingia masikioni kama "ni kansa". Mara nyingi si kansa, hasa kwa mwanamke ambaye bado anazaa. Lakini siku ile hata daktari aliyeushika uvimbe kwa mikono yake hana hakika ni nini. Mengi anayoyafanya, na mengi zaidi anayoyaacha, ambayo sisi ndugu huyasoma kama uzembe au siri, yanatokana na kukosa hakika huko.

Kwanza lile swali la hasira: mbona hawakuuona mapema?

Ovari ya mwanamke mwenye umri wa kuzaa ina urefu wa sentimita 3 hadi 5 hivi. Imekaa pembeni mwa kizazi, ndani ya nyonga, mahali penye nafasi. Kitu kikiota kwenye titi utakigusa ukioga. Kikiota kwenye ovari kinasukuma utumbo pembeni, na utumbo haulalamiki. Kinaweza kufika ukubwa wa chungwa bila kuuma hata siku moja, mpaka kijisokote kwenye shina lake, kipasuke, au kianze kubana kibofu. Dalili zake nyingine ni tumbo kujaa, kushiba kwa tonge mbili na kwenda haja ndogo kila mara. Mjamzito gani hana hayo?

Altrasaundi nayo ina wakati wake. Mama akipimwa wiki za mwanzo, ovari huonekana vizuri. Mimba ikishakuwa kubwa, kizazi kimezisukuma juu na nyuma, na anayepima anatafuta mapigo ya moyo wa mtoto, mahali kondo lilipojishikiza, na wingi wa maji. Shemeji alipimwa mara moja tu, mimba ikiwa na miezi saba. Hakuna aliyemficha kitu.

Tumbo likiwa wazi

Jiweke mahali pa mpasuaji. Mtoto ameshatoka, kizazi kimeshonwa, anapitisha mkono kuangalia ovari zote mbili kama inavyotakiwa kila operesheni ya kujifungua, na mkono unagonga kitu kisichotakiwa kuwepo. Mgonjwa hakutia saini kwa ajili ya hiki. Pengine hakuna daktari bingwa wa magonjwa ya wanawake katika hospitali hiyo. Dakika zinakwenda.

Uamuzi wa kwanza ni kama kitu hicho kiguswe kabisa. Katika mimba kuna uvimbe ambao ni wa kawaida. Wiki za mwanzo, ovari iliyotoa yai hubaki na kifuko kinachotengeneza homoni ya kuishikilia mimba. Ukikiondoa kabla ya wiki ya 10 hivi, bila kumpa mama homoni hiyo kwa dawa, mimba yenyewe inaweza kutoka. Mwishoni mwa mimba kuna kinachoitwa luteoma: ovari, wakati mwingine zote mbili, huvimba vinundu vya rangi ya kahawia kwa sababu ya homoni za mimba. Kwa macho hutisha. Baada ya kujifungua, hunywea peke yake wiki chache baadaye. Mpasuaji mwenye pupa anaweza kumng'oa mama mchanga ovari zote mbili kwa kitu ambacho kingeisha bila hata panadoli.

Akiamua kuutoa, jambo analoliogopa kuliko yote ni kuupasua. Kama ndani kuna saratani ambayo bado imefungiwa kwenye ovari, ikitoka nzima mgonjwa anahesabiwa hatua ya 1A, ile ya mwanzo kabisa. Ukipasuka mikononi mwa daktari na maji yake kumwagika tumboni, hatua inapanda kuwa 1C, na mtu ambaye pengine angepona kwa kisu peke yake anaweza kulazimika kuongezewa dawa. Ndiyo maana anaweza kurefusha kidonda ili autoe mzima. Shemeji alilalamikia urefu wa mshono wake kwa miezi. Sikumlaumu, lakini sasa najua ule mshono ulikuwa wa nini.

Kisha anaangalia kwingine: ovari ya pili, ini, kidole tumbo, ule utando wa mafuta unaoning'inia mbele ya utumbo, hadi chini ya kiwambo, ule msuli unaotenganisha kifua na tumbo. Akishuku ubaya, husuuza tumbo kwa maji ya chumvi na kuyakusanya yapimwe kama yana seli za saratani. Yote hayo anapaswa kuyaandika kwenye faili. Karatasi hiyo ya maelezo ya operesheni ina thamani kuliko wengi tunavyodhani, kwa sababu daktari atakayempokea mgonjwa baadaye hakuwepo. Anachokuwa nacho ni maandishi: uvimbe ulitoka mzima au ulipasuka? Ovari ya pili ilikuwaje? Maji yalikuwepo tumboni?

Halafu kuna idhini. Aliyepigwa ganzi ya mgongo yuko macho; daktari mwenye busara huinama pembeni ya pazia na kumwambia, "Mama, nimekuta hiki, nashauri hivi." Aliye kwenye nusu kaputi hawezi kuulizwa. Kwake kanuni ni kufanya kile tu kisichoweza kusubiri: kuzuia damu, kufungua kilichojisokota, kutoa kinachohatarisha uhai. Kumtoa mwanamke ovari zote mbili na kizazi kwa kukisia, akiwa usingizini, akiwa na miaka ishirini na kitu, ni jambo lisilorudishwa. Hedhi inakoma siku hiyo hiyo, joto la ghafla linaanza, mifupa inaanza kupungua nguvu miaka mingi kabla ya wakati wake.

Hapo ndipo inapokuja kauli ambayo kwetu huku imezoeleka kama hukumu: "Walimfungua, wakamfunga." Kila familia ina shangazi au mama mdogo ambaye habari zake huishia kwenye sentensi hiyo, ikimaanisha madaktari waliona hakuna tena la kufanya. Wakati mwingine ndivyo ilivyokuwa. Lakini mara nyingine, kuchukua kipande kidogo cha nyama na kufunga ndilo jambo la maana kuliko yote. Saratani ya ovari iliyosambaa hutibiwa kwa kuondoa kila kinachoonekana, na matokeo ya mgonjwa yanategemea sana jinsi kazi hiyo ilivyofanywa na nani. Nusu kazi inayofanywa kwa haraka na mtu aliyekuwa amekuja kutoa kidole tumbo humletea mgonjwa makovu bila kumpa faida. Wengine huanzishiwa tibakemikali kwanza, kwa kawaida mizunguko mitatu hivi, uvimbe unywee, ndipo wafunguliwe tena na mikono inayoijua kazi hiyo. Kwa hiyo ukiambiwa "tumefunga", uliza: mmefunga ili iweje?

Nywele

Uvimbe wa shemeji ulipokwisha toka, waliuchana ili dawa ipenye. Daktari akamwambia kaka, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Nimeona nywele ndani. Kwa kawaida nywele ni habari njema, lakini tusubiri maabara."

Habari njema! Mama mkwe wa kaka alikuwa pale pale, na uso wake ulibadilika. Kwa jioni nzima simu zilikuwa zinapigwa kuelekea Geita na Kwimba. Nywele ndani ya tumbo la mtu zimefikaje? Nani alimtupia? Kuna aliyekumbuka ugomvi wa shamba wa mwaka juzi.

Sitawacheka. Ukiona kitu kile bila maelezo, na wewe ungetafuta mchawi. Maelezo yenyewe ni haya. Ndani ya ovari kuna seli za mayai, na seli ya yai ina uwezo wa kipekee wa kutengeneza mwili mzima: ngozi, nywele, mfupa, jino, mafuta, hata nyama ya tezi la shingoni. Kazi yake ni kusubiri mbegu ya mwanaume. Mara chache mojawapo huanza kazi hiyo peke yake, bila mbegu na bila mpangilio. Inajenga ngozi, ngozi inaota nywele na kutoa mafuta, yote yakifungiwa ndani ya kifuko. Madaktari huuita demoidi, au teratoma iliyokomaa. Si mtoto aliyegeuka wala mapacha waliomezana, na haukuanza kwa sababu ya kitu alichokula au aliyemkosea. Huota taratibu kwa miaka, na ni miongoni mwa uvimbe wa ovari unaopatikana zaidi kwa wasichana na wanawake vijana, kwa hiyo pia miongoni mwa unaokutwa zaidi wakati wa operesheni ya kujifungua.

Kwa nini basi kusubiri maabara, kama nywele zimeshasema? Kwa sababu katika kila demoidi mia, moja au mbili huwa zina sehemu iliyogeuka saratani, hasa kwa wanawake waliovuka umri wa kuzaa. Na kwa sababu ina ndugu yake ambaye hajakomaa, ambaye huwapata mabinti wadogo na huhitaji matibabu makali. Kwa macho wanaweza kufanana. Tena, karibu mwanamke mmoja kati ya kumi mwenye demoidi huwa nayo upande wa pili pia, kwa hiyo ile ovari iliyobaki inahitaji kuangaliwa kwa altrasaundi baadaye hata kama siku ile ilionekana safi.

Vinavyojifanya saratani huku Ziwani

Sehemu hii ndiyo iliyonishangaza kuliko zote, na nadhani haizungumzwi vya kutosha kwenye mwambao huu.

Mwaka 1958 daktari mpasuaji Denis Burkitt, aliyekuwa akifanya kazi hospitali ya Mulago, Kampala, aliandika kuhusu watoto wenye uvimbe wa taya unaokua kwa kasi isiyo ya kawaida. Mwaka 1961 alizunguka kwa gari takriban maili 10,000, hospitali kwa hospitali kuelekea kusini mwa Afrika, akiuchora ugonjwa huo kwenye ramani. Akaona unafuata maeneo ya joto na mvua, yale yale ya malaria. Leo tunajua unahusishwa na kirusi cha Epstein-Barr, kilichogunduliwa 1964, kikisaidiwa na malaria ya kujirudia. Sisi wa Ziwa Viktoria tumo katikati ya ramani ile. Taya ndilo linalojulikana, lakini saratani ya Burkitt hushambulia tumbo pia, na kwa mabinti hupenda kuvimbisha ovari, mara nyingi zote mbili kwa pamoja. Inaweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Daktari akimfungua binti wa miaka tisa na kukuta ovari mbili zimejaa nyama nyeupe, shauku ya kuzitoa ni kubwa, na ni kosa. Ugonjwa huu huyeyuka kwa dawa, na watoto wengi hupona. Kinachohitajika ni kipande kidogo cha nyama, kufunga, na rufaa ya haraka. Ovari zinaweza kubaki na binti akaja kuwa mama.

Kisha kifua kikuu. TB ya tumbo huleta maji tumboni, mwili kukonda, na ukifungua unakuta vinundu vidogo vyeupe vimetapakaa kila mahali kama mchele uliomwagika. Hivyo hivyo ndivyo saratani ya ovari iliyosambaa inavyoonekana. Kipimo cha damu cha CA-125 nacho hupanda katika yote mawili, kama kinavyoweza kupanda mtu akiwa mjamzito, akiwa hedhini, au akiwa na uvimbe wa kizazi. Kikipanda peke yake hakithibitishi kansa. Fikiria mwanamke aliyeambiwa ana saratani hatua ya mwisho, akarudishwa nyumbani kufa, kumbe alihitaji dozi ya TB ya miezi sita ambayo kwa serikali hutolewa bure.

Na kichocho. Tumekizoea kama ugonjwa wa watoto kukojoa damu, lakini mayai ya minyoo yake hukwama pia kwenye kizazi, mirija na ovari, yakatengeneza vinundu na makovu yanayodanganya macho. Kile cha mkojo kimeenea zaidi kwenye malambo na mashamba ya mpunga ya bara, huku ufukweni kikitawala kile cha tumbo.

Ongeza na saratani ya mahali pengine, ya tumbo la chakula hasa, inayohamia kwenye ovari ikajifanya imezaliwa pale. Ukiitibu kama ya ovari, umekosea anwani.

Ile ndoo

Basi nikavuka na ndoo. Siku hizi wengi hupita Daraja la JP Magufuli la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa 2025. Wakati ule nilipanda kivuko cha Kamanga, nikiwa nimeiweka ndoo katikati ya miguu, na mama muuza ndizi pembeni akiniuliza kama nimebeba samaki. Nilikubali kwa kichwa. Ungejibu nini?

Kilichomo ni fomalini, dawa inayozuia nyama kuoza na kuiweka seli kama ilivyokuwa. Inapenya polepole sana, milimita moja kwa saa hivi, kwa hiyo uvimbe mkubwa ukitumbukizwa mzima utaharibika katikati kabla dawa haijafika. Wanaotengeneza kayabo wanalijua hili bila kwenda chuo: sangara mkubwa hapakwi chumvi juu juu, anachanwa. Dawa inatakiwa iwe mara 10 ya nyama yenyewe. Nyama iliyowekwa kwenye maji matupu au spiriti, au iliyolala siku tatu kabatini kwa sababu hakuna aliyeambiwa aipeleke, inaweza kumrudishia mgonjwa jibu la "haisomeki", na hakuna uvimbe wa pili wa kupeleka. Ukikabidhiwa kopo la namna hiyo, angalia jina, angalia kama limefurika dawa, usiache karatasi ya maelezo nyuma, na ukifika omba namba ya maabara uiandike kwenye simu yako. Miye niliiandika mkononi. Jasho likafuta tarakimu mbili.

Bugando, hospitali ya rufaa ya kanda iliyo juu ya kilima tangu 1971, ndiko nyama kutoka mikoa ya Ziwa huishia. Pale hukatwa vipande vyembamba kuliko karatasi, hutiwa rangi, na daktari wa patholojia huvisoma kwa hadubini. Kuna namna ya kugandisha kipande na kukisoma ndani ya nusu saa mgonjwa akiwa bado mezani, lakini si huduma ya kuitegemea hospitali ya wilaya, na hata inakopatikana jibu lake ni la muda. Jibu kamili huchukua siku hadi wiki kadhaa.

Likija, litaangukia moja ya mafungu matatu. Usio saratani: demoidi, vifuko vya maji au ute, fibroma (uvimbe mgumu wa nyuzinyuzi) na wengine, hapo kwa kawaida kutolewa ndiyo tiba yenyewe. Wa mpakani: seli zimeanza ukaidi lakini hazijavunja ukuta kuingia ndani. Fungu hili huwachanganya watu kwa sababu si ndiyo wala siyo. Huwapata wanawake vijana zaidi ya saratani kamili, mara nyingi upasuaji peke yake hutosha, na anayetaka kuzaa huweza kuachiwa kizazi na ovari ya pili, ila afuatiliwe kwa miaka. La tatu ni saratani, nayo si moja. Ile inayotokana na seli za mayai, ya wasichana, hupona vizuri kwa tibakemikali hata ikiwa imesambaa. Ile inayotengeneza homoni huweza kurudi baada ya miaka 10 na zaidi, mgonjwa ameshasahau. Ile ya utando wa nje, inayowapata zaidi waliokoma hedhi, ndiyo ngumu kuliko zote, na ndiyo huhitaji upasuaji wa pili wa kupanga hatua pamoja na dawa. Zamani kwa mionzi mtu wa Ziwa alipaswa kwenda hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,100. Sasa Bugando wana dawa na mionzi.

Shemeji aliuliza swali moja tu wiki zote zile, na hakuliuliza kwa daktari. Aliniuliza mimi, jikoni: kwa ovari moja, atazaa tena? Ndiyo. Ovari iliyobaki hubeba kazi ya mwenzake, hedhi huja kama kawaida, na mimba hushika.

Majibu yalitoka baada ya wiki tatu na ushei. Kaka alipanda kile kilima na karatasi ikiwa haijafunguliwa, akamkabidhi daktari aisome yeye. Demoidi, imekomaa, hakuna dalili ya saratani. Ngozi, nywele, mafuta, meno mawili. Arudi baada ya miezi sita kwa altrasaundi ya ovari ya kushoto.

Kaka akauliza kama amesikia vizuri. Meno?

"Mawili," daktari akasema, akimtazama mtoto aliyekuwa amelala mgongoni kwa mama yake. "Huyu bado hana hata moja, eti?"